Miswada imefunguliwa, sasa ielezwe kwa Kiswahili: barua ya wazi kwa wakuu wa maktaba za vyuo vikuu

Kwa Mkurugenzi wa Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa wakuu wa Maktaba ya SOAS, Chuo Kikuu cha London. Kwa wakuu wa Maktaba ya Jimbo na Chuo Kikuu, Hamburg. Na kwa kila mkuu wa maktaba ya chuo kikuu inayohifadhi hati za kale za Kiswahili.

Waheshimiwa,

Baada ya salamu na heshima, mimi ni mwalimu wa fasihi ya Kiswahili hapa Mombasa. Nawaandikia kuhusu miswada ya Kiswahili iliyo mikononi mwenu: tendi, kawafi, mashairi, barua, hati za dini, za tiba na za falaki, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu na watu wa Lamu, Pate, Siu, Mombasa, Unguja, Pemba na Mrima. Ombi langu ni moja, na nalitanguliza ili asiye na nafasi ya kusoma barua yote alione hapa. Orodha za miswada hiyo ziandikwe upya kwa Kiswahili, ziandikwe na watu wanaoweza kuisoma, na watu hao walipwe.

Kwanza nishukuru, maana kazi iliyokwisha kufanyika ni kubwa na haikufanyika kwa siku moja. Kwa muda mrefu mwanafunzi wa Mombasa aliyetaka kuuona mwandiko wenyewe wa nakala ya zamani ya Al-Inkishafi, utenzi mashuhuri wa kale, ilimbidi apate viza, nauli na barua ya utambulisho, kisha asafiri hadi London. Leo SOAS imeweka mtandaoni picha za miswada yake mingi ya Kiswahili, na mtu aliyeketi Lamu anaweza kuutazama ukurasa uliotoka Lamu. Mlimani nako kumejengwa maktaba mpya kwa msaada wa China, ikafunguliwa mwaka 2018, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimepata nafasi ambayo hakikuwa nayo. Nimewahi kuwaonyesha wanafunzi wangu picha za miswada hiyo ukutani, kwa projekta ya kuazima, na darasa zima likainuka vitini kwenda kuitazama kwa karibu. Wengi wao walikuwa hawajui kabisa kwamba Kiswahili kiliandikwa kabla ya kuja kwa wamishenari.

Lakini mwanafunzi huyohuyo akitaka kuendelea mwenyewe nyumbani, anakwama. Anakutana na maelezo ya Kiingereza, mara nyingi mafupi, yenye namba ya mkusanyo, jina la Mzungu aliyekusanya, na kichwa alichokitunga mkutubi au mtafiti. Kama hajui tangu mwanzo kile anachokitafuta kinaitwaje katika vitabu vya wataalamu, hakipati.

Nieleze kwa mfano mmoja. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa wasia. Nakala zake zilienea pwani nzima, na wanawake wengi waliuhifadhi kichwani wasiwahi kuushika mkononi. Vitabuni unaitwa Utendi wa Mwana Kupona, au Utenzi, au Wasia, kutegemea aliyeuchapisha. Bibi wa Lamu ukimtajia vichwa hivyo huenda asikuelewe haraka. Mwambie “Negema wangu binti” na atakumalizia ubeti mwenyewe. Ndivyo tungo zetu zinavyojulikana: kwa mshororo wa kwanza, kwa jina la mtunzi, kwa jina la aliyetungiwa, kwa kisa. Washairi wa zamani wengi hawakuweka vichwa kabisa. Orodha isiyo na mshororo wa kwanza, ulioandikwa kwa herufi za Kirumi kama unavyotamkwa, haimsaidii mtu wa pwani kuutafuta utenzi wa nyanya yake.

Kuna jambo jingine katika orodha hizo ambalo limeniuma kwa miaka. Tazameni majina ya mikusanyo: mkusanyo wa Taylor, mkusanyo wa Werner, mkusanyo wa Hichens, mkusanyo wa Knappert, mkusanyo wa Allen. Sina ugomvi na watu hao. Wengine wao walikipenda Kiswahili kwa moyo wote, na bila wao tungo nyingi zingeliwa na mchwa. Ninajua pia kwamba kanuni ya wahifadhi nyaraka ni kutovunja mkusanyo, kila hati ibaki pamoja na zile ilizoingia nazo, ili asili yake isipotee. Kanuni hiyo ni nzuri na siombi ivunjwe. Ninachosema ni kwamba jina la aliyekusanya lisiwe ndilo pekee linaloonekana kutoka mbali, wakati mtunzi, mnakili na nyumba iliyoutunza mswada kwa vizazi vitatu wamefichwa katika maelezo ya chini, au hawamo.

Chukueni habari ya Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki karibu mwaka 1840, baada ya kuuona mji wake ukitoka mikononi mwa Wamazrui na kuingia mikononi mwa Sayyid Said, sultani wa Oman na Unguja. Mashairi yake hayakuachwa katika diwani. Yalibaki vichwani mwa watu na katika vipande vya karatasi. Aliyeyatafuta, akayaandika na kuyafafanua ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwanachuoni na mshairi wa hapa hapa Mvita, aliyefariki mwaka 1890. Sikujua alifanya kazi hiyo pamoja na mmishenari William Taylor. Karatasi zilikwenda Uingereza, zikapita kwa William Hichens, na mwaka 1940 diwani ikachapwa Afrika Kusini. Kila Mswahili anayenukuu shairi la Muyaka leo anakula jasho la Mwalimu Sikujua. Ni wangapi wanaolijua jina lake? Nikiuliza darasani, mikono haipandi. Mwanafunzi akiingia katika orodha ya maktaba kwa jina la Sikujua anapaswa kukuta ukurasa wa Sikujua, wenye kazi zake zote: alizotunga, alizonakili, alizofafanua.

Au mchukueni Muhamadi bin Abubakari Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945. Huyu alikuwa mshairi, mchongaji, mwanamuziki, na mwandishi mwenye khati ambayo ukishaiona mara moja huwezi kuichanganya na ya mtu mwingine. Alimnakilia Alice Werner, akamnakilia Hichens na kumpelekea miswada kwa posta hadi Uingereza, na mwaka 1936 na 1937 alifanya kazi na Ernst Dammann aliyekuja Lamu kutoka Ujerumani. Sehemu kubwa ya kile ambacho dunia inakiita fasihi ya kale ya Kiswahili imepita katika kalamu ya mtu huyu mmoja. Naye hakuwa mashine. Alichagua nakala ya kufuata, pengine alirekebisha neno, alipamba ukurasa kwa namna yake. Anayetaka kujua ni kipi cha Pate ya karne ya kumi na nane na kipi ni mkono wa Kijuma lazima aweze kuzipanga nakala zake zote mezani, za London na za Ujerumani pamoja. Leo hawezi kwa urahisi, kwa sababu jina lenyewe limeandikwa Kijuma hapa, Kijumwa pale, Muhammad bin Abi Bakr kwingine. Wakutubi wanajua dawa yake: orodha moja ya majina sanifu, yenye tahajia zote zikielekeza kwa mtu mmoja. Kazi hiyo mmewafanyia waandishi wa Kilatini na wa Kiarabu. Wafanyieni na watu wa Lamu.

Sasa nije kwenye kusoma kwenyewe, maana hapa ndipo wakati unapotukimbia.

Hati za Kiswahili za kale hazisomeki kwa kujua Kiarabu tu. Nimemwona msomi aliyebobea katika sarufi ya Kiarabu akisimama katika ubeti wa pili. Sababu ni kwamba herufi zilizoazimwa hazikutosha sauti zetu. Herufi ba ilibebeshwa b, p na mb. Dali ilikuwa d na pia nd. Katika alama za irabu, kasra moja ilisimama mahali pa i na e, na dhumma moja mahali pa u na o. Maandishi yaleyale mtu anaweza kuyasoma “bibi” na mwingine akayasoma “pembe”, na wote wawili wakawa na haki mpaka maana na mizani viamue. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa magazeti hapa Mombasa katika miaka ya 1930, alihangaikia kuziongezea herufi hizi alama ili sauti zetu zisomeke bila shaka, lakini tungo nyingi mlizo nazo zilitangulia juhudi hizo. Kwa hiyo msomaji anahitaji mambo mengi kwa pamoja: herufi; lahaja, kwa sababu mswada wa Kiamu, lahaja ya Lamu, utasema “ndiya”, “nti” na “yuwa” pale ambapo kitabu cha shule kinasema njia, nchi na jua; vina na mizani, kwa sababu mara nyingi kina ndicho kinachoamua neno; na habari za dini na za miji, kwa sababu mtunzi anataja kisa kwa neno moja akijua kwamba msikilizaji wake amekwisha kukisikia.

Watu wenye mambo hayo yote wapo bado. Wako Lamu, Siu, Faza, Mombasa, Vumba, Tanga, Unguja, Pemba. Wengi ni walimu wa madrasa, wake kwa waume, na washairi ambao majina yao hayajachapwa popote. Wengi pia ni wazee. Vijana tuliosomeshwa herufi hizi chuoni, yaani madrasani, tulizisoma kwa ajili ya Qur'ani, tukaandikia Kiswahili kwa Kirumi, na tunajikokota tukipewa mswada. Kila mwaka tunazika watu ambao wangeweza kuusoma ukurasa kwa dakika tatu, ukurasa ambao baadaye utamchukua mtafiti mwezi mzima, na bado akakosea. Picha ikishapigwa inaweza kungoja miaka mia. Msomaji hawezi kungoja, na hapo ndipo bajeti zenu zilipopishana na haja yetu: fedha nyingi zimekwenda katika kupiga picha, kidogo katika kusoma.

Nikisema walipwe, nasema kwa sababu ninajua desturi ilivyo. Mtafiti huja na kinasa sauti, huketi barazani siku kadhaa, mzee humsomea na kumfafanulia, kisha kitabu kinatoka na mzee anatajwa katika shukrani kwa mstari mmoja, kama mtoa habari. Nimekwisha kuona kitabu cha namna hiyo katika nyumba ya aliyekisaidia kuwapo. Alikipata kwa kununuliwa na mjukuu wake. Asomaye mswada na kuufafanua amefanya kazi ya uhariri. Jina lake liandikwe katika orodha ya mswada huo kama mhariri, na malipo yake yapangwe mapema katika bajeti kama yanavyopangwa malipo ya mpiga picha na ya mtaalamu wa kompyuta.

Kwenu Dar es Salaam nina maneno ya pekee, kwa sababu ninyi mko karibu nasi na tunawatarajia zaidi. Katika miaka ya 1960, chuo kilipokuwa bado Chuo Kikuu Kishiriki, J.W.T. Allen alizunguka pwani akikusanya miswada, nakala na sauti kwa ajili ya maktaba yenu. Orodha yake ilichapwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1970, kwa Kiingereza. Huo ndio mwaka ambao chuo kilipata hadhi kamili ya kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika nchi iliyokuwa imekwisha kukifanya Kiswahili lugha yake ya taifa. Zaidi ya nusu karne imepita. Mnayo Taasisi ya Taaluma za Kiswahili hapo hapo Mlimani, iliyorithi kazi iliyoanzishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili tangu 1964. Mnao wanafunzi wa uzamili na uzamivu wanaotafuta mada za utafiti kila mwaka. Hakuna maktaba duniani iliyo na watu wa kuifanya kazi hii kuliko yenu. Mwanafunzi mmoja wa uzamili akipewa miswada kumi, akae na msomaji mmoja wa pwani, atoe mshororo wa kwanza, jina la mtunzi, la mnakili, mahali, tarehe kama ipo, muhtasari wa Kiswahili na beti chache zilizosomwa kwa uhakika, hiyo peke yake ni tasnifu nzuri, na orodha inakua kila mwaka.

Halafu kuna tepu. Orodha ya Allen inataja miswada na tepu, na watu wengi wakiisoma huruka neno la pili. Nawasihi msiliruke. Utenzi haukutungwa usomwe kwa macho. Una mahadhi, na mahadhi ya Lamu si ya Unguja, na ya utenzi wa wasia si ya utenzi wa vita. Tepu za sumaku za zamani huharibika hata zikikaa kabatini: gundi inayoushika unga wa sumaku huweza kulegea kwa unyevu, tepu ikanata, sauti hufifia, na mashine za kuzichezesha zinazidi kuadimika. Jiji la Dar es Salaam lina joto na unyevu wa bahari mwaka mzima. Mswada wa karatasi ukikawia miaka mitano, kwa kawaida utabaki unasomeka. Tepu ikikawia miaka mitano huenda isichezeke tena. Kama fedha zinatosha kitu kimoja mwaka huu, zianze na tepu. Na zikishanakiliwa kidijitali, pelekeni nakala katika miji zilikorekodiwa, mkawaulize watu wa huko ni sauti ya nani. Watajua.

Nakiri pia kwamba si kila hati inafaa kuwekwa wazi kwa kila mtu, na jambo hili sijaliona likijadiliwa kwa Kiswahili hata kidogo. Katika mikusanyo hii zimo barua za kifamilia, habari za madeni, za ndoa na talaka, za mashamba yenye kesi, na za nani alikuwa mtumwa wa nani. Majina ya koo hizo bado yanaitwa mitaani. Yamo pia mambo ya siri za jando na unyago. Maktaba ya Dar es Salaam inahifadhi karatasi za Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa serikali ya kikoloni wa mila na sheria za makabila na aliyeandika kuhusu vinyago vya udongo vinavyotumika katika mafunzo hayo. Wenye siri hizo walimfungulia wakiwa chini ya utawala ambao yeye alikuwa mtumishi wake, na sidhani waliambiwa kwamba siku moja kila mtu mwenye simu ataweza kuyasoma. Mambo ya namna hii yasiwekwe mtandaoni kabla wazee wa jamii husika, na makungwi wao, hawajaulizwa. Na wakisema hapana, hapana yao iheshimiwe. Orodha inaweza kusema hati ipo, inahusu nini kwa jumla, na mtu afuate utaratibu gani kuiona.

Kuhusu miswada yenyewe, ile ya asili, kurudishwa pwani: najua mjadala huo umewachosha baadhi yenu, nami nina msimamo wangu, lakini sitauingiza katika ombi hili. Naomba tu mtazame kilichofanyika katika Msikiti wa Riyadha, Lamu, ambako hati zilipigwa picha kwa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, na zenyewe zikabaki Lamu kwa wenyewe. Kwa hiyo kufungua nyaraka kwa dunia bila kuwanyang'anya wenyewe kunawezekana, na kumekwisha kufanyika.

Kwa zile zilizokwisha kuondoka, angalau nakala zake ziwe karibu. Picha kubwa kubwa za kurasa zinafaa mtafiti mwenye kompyuta na mtandao wa chuo. Sisi huku tunasoma kwa simu na kwa bando la kununua. Tayarisheni faili ndogo ya kila mswada inayopakuliwa mara moja na kusomwa bila mtandao. Na pelekeni seti kamili ya nakala katika maktaba za umma na makumbusho za Lamu, Mombasa na Unguja, ili mtu asiye na simu ya maana naye aingie, aombe, aketi na kusoma. Uwezo wa kufanya hivyo mnao. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na ile ya kujenga jengo.

Wapo watakaosema kwamba Kiingereza ndicho lugha ya utafiti wa kimataifa, na kwamba orodha mbili ni gharama mara mbili. Sikubaliani nao. Utenzi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728 na ambao nakala yake iko Hamburg, hauwezi kuelezwa vizuri na mtu asiyeweza kuujadili kwa lugha uliotungwa nayo. Mtafiti wa kimataifa wa fasihi ya Kiswahili ambaye hawezi kusoma maelezo ya Kiswahili atausomaje mswada wenyewe? Kiingereza kibaki kwa wanaokihitaji. Lakini maelezo ya msingi, yale ambayo mengine yatatafsiriwa kutoka kwayo, yawe ya Kiswahili. Yakianza kwa Kiswahili, makosa ya kusoma yataonekana mapema, kwa sababu watakaoyasoma ni watu wanaozijua tungo hizi kwa moyo, na watawaandikia kuwasahihisha. Wekeni pia mahali pa kupokea masahihisho hayo, na mtu wa kuyajibu.

Novemba 2021 UNESCO iliitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Kila mwaka siku hiyo ikifika tunasikia hotuba nzuri kutoka vyuo vikuu, na mara nyingine maonyesho ya miswada ndani ya kabati za vioo. Ninawaomba maktaba zenu tatu zikutane kabla ya Julai 7 ijayo, hata kwa njia ya mtandao, na siku hiyo mtangaze mambo mnayoweza kupimwa kwayo: ni miswada mingapi itakayopata maelezo ya Kiswahili katika mwaka wa kwanza, nani atakayesimamia, wasomaji wangapi wa pwani watakaoajiriwa na kwa malipo gani, na tepu za Dar es Salaam zitaanza kunakiliwa lini. Anzeni na kidogo mkitaka. Anzeni na nakala za Kijuma peke yake, mziunganishe za London na za Ujerumani chini ya jina lake. Hiyo ingetosha kuonyesha kwamba mmekusudia.

Mimi na walimu wenzangu kadhaa wa Mombasa na Lamu tuko tayari kusaidia kuwatafuta wasomaji, kuwafikia nyumbani kwao na kueleza kazi ilivyo. Tunawajua walipo. Tunaomba majibu yenu yatolewe hadharani kama barua hii ilivyotolewa hadharani, na yaandikwe kwa Kiswahili, ili na wale tunaokwenda kuwaomba kazi yao waweze kuyasoma.

Wenu katika utumishi wa lugha,

Mwalimu wa fasihi ya Kiswahili, Mombasa